Fundi wa ghorofani nyuma ya soko la Kilombero, Arusha: nyota nne, ya tano nimeibana

Mwenye haraka achukue hili aende zake: kama una chombo cha maabara kinakusumbua na wakala keshakwambia nunua kingine, kipeleke kwanza kwa huyu mzee. Wenye muda tuendelee, maana hii stori ni ndefu na nimekaa nayo wiki tatu.

Mimi ni teknishani kwenye kimaabara kidogo huku Moshi, tupo wanne ukimtoa mlinzi. Kazi yetu ni chachu, zile za asili zinazochachusha mbege, tunazitenga kwenye togwa la ndizi na ulezi halafu tunazikuza safi kujua ipi inafanya nini. Kwa kazi hiyo tuna bayoriakta moja, ya msaada, ilikuja ikiwa imeshatumika huko ilikotoka. Kwa asiyeijua, ni mtungi wa kioo wa lita mbili wenye kifuniko cha chuma kilichotobolewa matundu, kwenye kila tundu kimechomekwa kitu, kuna mhimili wa pangaboi la kukorogea, bomba la kupulizia hewa, probu ya joto (probu ni kijiti cha kupimia), probu ya pH, yaani kiwango cha asidi, probu ya oksijeni, halafu pembeni kuna boksi la kontrola ndo ubongo wenyewe. Bibi yangu wa Marangu nilimwonyesha picha akasema kumbe ni pipa la mbege lenye saa. Sikumbishia.

Sa hilo pipa lenye saa likaanza kuumwa, na liliumwa magonjwa matatu kwa mpigo, ndo kilichotuchanganya. La kwanza mota, inakoroga vizuri mizunguko 400 kwa dakika, ikifika saa nzima na kitu inaanza kulegea, inazima, kwenye skrini inaandika hitilafu ya mota, ukiizima ukaiacha ipoe inakubali tena kama hakuna kilichotokea. La pili joto, tumeiwekea nyuzi 30, skrini inasema 30, ila chachu zinakua kwa kujivuta kama zinalazimishwa, siku moja nikatumbukiza kipimajoto cha kawaida nikakuta 24. Nyuzi sita nzima zimepotelea hewani! La tatu pH, imeganda kwenye 7, weka bafa ya 4 (bafa ni maji ya kupimia ambayo pH yake inajulikana) ni saba, weka bafa ya 10 ni saba, nadhani hata ningeweka siki ingesema saba.

Tukaita wakala. Sitamtaja na wala hakutoka mikoa ya huku, alikuja akakaa dakika kumi, hakufungua hata skrubu moja, akasoma lile neno la hitilafu kwenye skrini akapiga picha, baada ya siku tatu ikaja profoma: mota mpya na bodi mpya, dola 2,900, subira wiki kumi, nauli na malazi yake juu yetu. Kuhusu joto na pH aliandika "itaangaliwa baada ya kubadilisha bodi". Bosi aliisoma ile karatasi akaikunja akaiweka chini ya kikombe cha chai.

Nilimpata fundi kupitia dada mmoja wa kliniki ya meno, kiti chao cha wagonjwa kilikuwa kinapanda chenyewe na mgonjwa juu, akaniambia kuna mzee Arusha, hana kibao, zamani alikuwa anatengeneza amplifaya za makanisa, sa hivi anatengeneza kila kitu chenye umeme ilimradi hukimharakishi. Nikampigia. Nikamweleza nitaleta boksi la kontrola na mota, akaniuliza mtungi je? Nikamwambia mtungi ni kioo tu baba, hauna umeme. Akasema, "Mwanangu, leta na mtungi. Mota isiyobeba mzigo itanidanganya." Hapo nikaanza kumwelewa, maana yule wakala hata maji hakuweka.

Safari yenyewe niipite haraka. Noah ya asubuhi kutoka stendi ya Moshi, nililipia siti mbili, kontrola imefungwa kanga na kukaa kama abiria, mtungi upo kwenye ndoo umezungushiwa blanketi la mtumba na ndoo ipo mapajani kwangu kilomita themanini zote. Konda akauliza hiyo ni redio ya kwaya, nikamwambia ndio. Kila tuta la Kikatiti na Usa River nililihisi kwenye meno.

Ukifika Kilombero uliza maduka ya spea za redio, kuna uchochoro, mwisho wake ngazi ya chuma, juu mlango wa bluu. Ndani ni kachumba kadogo, meza mbili, vyombo mpaka darini, chalii mmoja mwanafunzi wake, na harufu ya risasi ya kulehemu. Usafi wa meza yake ulinishangaza, kila skrubu ina kifuniko chake cha soda kilichoandikwa namba.

Shikamoo, marahaba, kaa, usifungue kitu. Akaanza maswali. Ilianza lini? Kabla ya hapo mlibadilisha nini? Inazima ikiwa ya moto au hata asubuhi ikiwa baridi? Ikiwa na maji au hata kavu? Mkipunguza mizunguko inachukua muda mrefu zaidi? Hilo la mwisho sikuwa nalijua, nikakumbuka kwamba siku moja tuliiweka 200 ikakaa mpaka jioni haijazima. Akaandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Nikataka kumsaidia nikamwambia wakala kasema ni mota na bodi, akanikatisha kwa upole tu, "Hilo ni jibu lake. Wewe niambie mashine inafanya nini."

Halafu akakataa kushika bisibisi mpaka aione ikizima kwa macho yake. Tukajaza maji ya bomba lita moja na nusu, tukaiweka 400, tukanywa chai. Saa nzima na dakika ishirini! Mimi nishachoka nawaza Noah ya kurudi, yeye katulia ameweka mita yake kwenye waya za kutoka pawasaplai, kile kipande kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 24, kwenda kwenye bodi na kila baada ya dakika kumi anaandika. Ilianza na volti 24.1. Ikashuka 23. Ikaja 21. Ilipogusa 18 na pointi mota ikalegea, ikazima, neno lile lile la hitilafu. Akanigeuzia karatasi nione ule mteremko wa namba, hakusema kitu.

Ningekuwa mimi hapo hapo ningetangaza pawasaplai. Yeye akasema bado, inawezekana pawasaplai ni mbovu, inawezekana pia mota inakula kuliko kawaida ndo inaizidi nguvu pawasaplai nzima. Akamtuma chalii alete betri mbili za sola za volti 12, akaziunga moja nyuma ya nyingine zikatoa volti 25 na kidogo, akaitenga pawasaplai kabisa, bodi na mota vikawa vinakula betri. Ikawashwa saa nane mchana. Nikashuka nikala chipsi zege, nikarudi inazunguka, nikapiga simu nyumbani, inazunguka, saa kumi na moja inazunguka vile vile na akaipima inakula umeme kiasi kile kile cha mwanzo. Kwa hiyo mota nzima, bodi nzima, vile vitu viwili vya dola 2,900 havikuwa na tatizo lolote aisee. Hiyo ndo sehemu iliyonifanya nikae niandike hii ripoti, betri mbili tu na uvumilivu wa mchana mmoja.

Ndo akaifungua sasa. Chalii akataka kuingiza kidole, akapigwa kofi la mkono, mzee akachukua balbu ya wati 60 yenye waya mbili akagusisha kwenye kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza chaji, la upande wa umeme mkubwa, balbu ikapepesa ikazima. Akasema hapo ndani panakaa volti mia tatu na zaidi hata kama plagi imechomolewa, na kweli, umeme wetu wa 230 ukishanyooshwa unafika 325. Kapasita nne za upande wa volti 24 vichwa vilikuwa vimevimba, mbili zimetoa ute wa kahawia. Zimeandikwa mikrofaradi 2200, ndo uwezo wa kutunza chaji, kwenye mita moja ikasoma 640 nyingine 710. Feni ya kupooza ilikuwa imeganda, imekabwa na vumbi na unga unga mweupe, nikajua ni wanga wetu wa maabara, aibu yangu ile. Alivyonieleza: kapasita la aina hiyo ni kama chapati mbichi, ndani kuna umajimaji, joto likizidi linakauka, na kila likikaa kwenye joto la nyuzi kumi zaidi maisha yake yanapungua nusu. Feni ilikufa kwanza, kapasita zikafuata, mota ikasingiziwa.

Akaikagua mota na yenyewe maana tayari iko mezani. Makaa yake, yale ya kusuguana, yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu, akayapuliza tu.

Halafu akatoa fyuzi. Jamani. Ndani ya kishikio cha fyuzi kulikuwa na fyuzi iliyoungua, imezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara. Akaiinua kwa kibanio mbele ya macho yangu akaniuliza maabara yenu kuna mvuta sigara? Tuko wanne, sivuti mimi, nikamtaja mlinzi. Sidhani kama aliniamini. Akasema nina bahati tunazungumzia kapasita na si moto, akaweka fyuzi sahihi na akaandika thamani yake kwa kalamu ya wino juu ya boksi kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, na nadhani ilinihusu.

Hapo nikaiacha, akasema siku mbili. Zikawa nane. Simu haishikwi, ikishikwa ni chalii, "mzee ametoka kidogo." Kapasita za ukubwa ule na za kuvumilia nyuzi 105 alikosa Arusha akaagiza Dar, sawa, ila si uniambie? Hapa ndo robo ya kwanza ya nyota ilipoondoka.

Nilipokwenda mara ya pili mota ikazungushwa 400 masaa manne, volti 24 haikuyumba. Tukaingia kwenye joto.

Probu yetu ya joto ni ile ya platinamu, Pt100, kwenye sifuri upinzani wake ni ohm 100, na kila nyuzi moja inaongeza ohm 0.385 hivi. Mzee anaijua toka kwenye majokofu ya viwandani. Akamtuma chalii barafu. Chalii akarudi na barafu za ubuyu! Nyekundu, za mia mia. Alirudishwa nazo mbio, maana barafu yenye sukari haikai kwenye sifuri, inashuka chini yake, akaja na za maji matupu zikapondwa kwenye chupa ya chai na maji kidogo mpaka ikawa uji, probu ikatumbukizwa ikakaa dakika kumi. Akagusanisha kwanza waya za mita zenyewe kwa zenyewe akatoa upinzani wao, kisha akapima kwenye pini za probu: ohm 100.0. Probu safi. Skrini ya kontrola inasema 6.1.

Akahamia mwisho mwingine wa kebo, upande unaoingia kwenye boksi, akapata 101.2. Ohm moja na pointi mbili imetoka wapi? Konekta ya katikati, pini moja ilikuwa ya kijani kwa kutu. Kebo hizi zina waya tatu ili kontrola iweze kutoa urefu wa waya kwenye hesabu, ila hesabu hiyo inakubali tu kama waya zote zinafanana, mmoja ukipata kutu kontrola inaiona ile kutu kama joto. Ohm 1.2 ni nyuzi tatu na kidogo. Akakata, akaweka konekta mpya, skrini ikashuka mpaka 3.0.

Ikagoma hapo hapo. Barafu ni barafu, skrini inasema tatu. Akarudia vipimo vyote, vyote safi. Akakaa kimya, akavua miwani, akaniuliza, "Hii mliiseti wapi mara ya mwisho?" Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, kwetu Moshi, kwenye maji yanayochemka, tukaiambia hapa ni mia. Mzee alicheka mpaka chalii akaja kuchungulia. Maji ya Moshi hayachemki kwenye mia, tuko juu, ni kwenye 97 hivi, na Arusha ambako ni juu zaidi ni kama 95. Sisi wenyewe ndo tuliiongezea nyuzi tatu kwa mikono yetu, na tulitia saini kwenye daftari la kalibresheni. Mimi ndo nilitia. Nimesoma hiyo kitu darasani nikaijibu kwenye mtihani nikapata alama zangu, halafu nikaisahau nikiwa nimeinama juu ya sufuria. (Ndo maana pia siku hizi kwenye autoklevu, lile sufuria la mvuke wa presha la kuulia vijidudu, hatuamini geji ya presha peke yake, geji ile ile ya paundi 15 huku juu haitoi nyuzi 121 kamili, tunafuata kipimajoto.) Tukaiseti upya kwenye barafu, 0.0, safi.

Sasa pH, na hapa ndo nina sifa na lawama kwa pamoja. Sifa kwanza. Hajui kemia ya probu na alisema hajui, ila umeme wake anaujua. Akauliza probu inatoa nini, nikamwambia milivolti, kwenye pH 7 ni sifuri, na kila pH moja ni kama 59 kwenye nyuzi 25, kwenye asidi inapanda chanya. Akasema inatosha. Akachomoa kebo kwenye boksi, kwenye tundu akafunga kipande cha waya kuunganisha katikati na ganda, sifuri ya kweli hiyo, skrini ikasema 7.0. Halafu akachukua betri moja ya rimoti na rezista mbili akatengeneza kama milivolti 180, akaichomeka, skrini ikasema 3.9 na kitu. Yaani kwa betri ya rimoti alishajua boksi lote la pH ni zima. Wakala alitaka kubadilisha bodi hiyo, nakumbusha tu.

Ikabaki kebo na probu. Kebo akaitoa pande zote mbili akaipima na mega, ile mita ya kupimia insulesheni, ikavuja, megaohm mbili na kitu. Kwenye kitu kingine mbili ni nyingi, ila kioo cha probu ya pH chenyewe upinzani wake ni mamia ya megaohm, sauti yake ni ndogo mno, ukiipa njia ya kuvujia ya megaohm mbili yote inapotelea huko na kontrola inasikia kimya, na kimya kwake ni saba. Chanzo ni unyevu ndani ya kichwa cha kebo. Kile kifuniko kidogo cha kuziba kichwa wakati wa autoklevu kilipotea mwaka jana na tukawa tunaziba na foili, mvuke ukapita. Akasafisha kwa spiriti, akapuliza hewa ya uvuguvugu nusu saa, mega ikagonga mwisho wa kipimo. Kifuniko kipya alikichonga kwa mpira wa silikoni.

Lawama. Nilipotaka kujaribu na probu yenyewe nikaikuta mezani, kavu, bila kofia yake ya maji ya chumvi, imelala hivyo siku nane! Niliwaambia ile kofia isitoke. Chalii alidhani ni kifungashio. Kioo cha pH kikikauka kinakuwa kizito kama mtu aliyeamshwa usiku. Niliondoka nayo nimekasirika, Moshi nikailoweka usiku kucha kwenye potasiamu kloridi ya molari 3, na nilishukuru, bafa ya 7 ikatoa milivolti hasi 5, ya 4 ikatoa 165, ukipiga hesabu ni kama asilimia 96 ya inavyotakiwa. Imepona. Ila ingeweza isipone, na hiyo probu si ya bei ya kapasita. Kwa hiyo mkienda, probu za kemia msiache, ondokeni nazo.

Mambo madogo: boksi limerudi na skrubu moja ya rangi tofauti, pamoja na vile vifuniko vyote vya soda. Risiti ya EFD nimeipata baada ya kuomba mara tatu, na wenzangu wa ofisi za namna hii mnajua bila hiyo mhasibu hakuangalii usoni.

Na huduma haikuishia dukani, hili nampa. Tumefunga kila kitu Moshi, tumewasha, pH inasoma vizuri, tukawasha mota ikaruka kutoka 5.2 mpaka 6 na kitu, ukizima mota inarudi. Dukani kwake haikuwa hivyo. Nikamtumia video wasap, akajibu kwa sauti akiwa sijui wapi kuna kelele za soko, akasema kama kwangu haifanyi na kwako inafanya basi si mashine, ni ukuta. Akanielekeza nipime soketi: laini na nyutro, 231. Laini na asi, ule waya wa kwenda ardhini, inatakiwa ikaribie namba hiyo hiyo. Nikapata 90 na inachezacheza. Asi ilikuwa haipo, waya wa kijani umeingia ukutani ukaishia huko. Mota ikizunguka inatema kelele za umeme, zikikosa pa kwenda zinapita kwenye maji ya mtungi mpaka kwenye probu. Fundi umeme wa hapa hapa Moshi akaja akapigilia fimbo mpya ya asi nje ya dirisha, akaunga, pH ikatulia kama maji ya mtungini. Mzee hakudai hata mia kwa hiyo simu.

Probu ya oksijeni hakuigusa. Nilimwonyesha kwamba inashuka taratibu, akaigeuza geuza, akanirudishia, "Hii si ya umeme, ni ya kwako." Na ilikuwa ya kwangu kweli, utando wa mbele ulikuwa na mkunjo, nikabadilisha utando na maji yake ya ndani, nikaiacha imechomekwa masaa sita ijichaji kabla ya kuiseti, ikakubali. Na filta ya hewa ilikuwa imelowa povu, hiyo nayo ilichangia.

Hesabu kwa wanaotaka hesabu: kapasita nne 10,000, feni 15,000, konekta 8,000, ufundi wa vyote 150,000. Jumla 183,000. Bosi aliitoa ile profoma chini ya kikombe akaziweka pamoja kwenye faili.

Nyota nne. Ya tano ina siku nane na probu kavu. Ukienda mpigie kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo simu inakaa kwenye droo, beba na mzigo wote wa mashine yako hata kile unachoona hakina umeme, na usiende na haraka. Barafu nunua mwenyewe.